Toka jasho kwanza, ndipo ukae na mnasihi

Wateja wangu wa sonona hapa Tanga nawapa sharti moja kabla ya yote: uje kwa miguu au kwa baiskeli. Bajaji utapanda ukirudi, ukipenda. Mimi ni mnasihi, kazi yangu kusikiliza na kuuliza, wala si mwalimu wa mazoezi. Lakini mtu mwenye sonona akishushwa na gari mlangoni, sehemu kubwa ya muda wetu inaishia kwenye "sijui" na "kawaida tu", macho sakafuni. Aliyekuja akihema huanza mwenyewe. Tena mara nyingi haanzi na huzuni, anaanza kulalamikia jua, au bodaboda aliyemkosakosa pale karibu na Bombo. Hiyo inanitosha. Aliyemkasirikia bodaboda ameshafungua mdomo.

Huko Marekani, Jacob Meyer na wenzake wa Iowa State University waliwapandisha watu wenye sonona kwenye baiskeli ya mazoezi kwa dakika 30, mwendo wa wastani, na unafuu ukawa bado unaonekana dakika 75 baada ya kushuka. Baadaye wakajaribu na watu 10 kwa wiki 8: wengine walifanya zoezi kabla ya tiba ya mazungumzo, wengine waliendelea na shughuli zao tu kabla ya tiba hiyo. Wote walipata nafuu, na waliofanya zoezi walionekana kupata zaidi. Watu 10 ni wachache, kwa hiyo sikuuzii muujiza. Ila kikao huchukua kama dakika 50, na kinaenea chote ndani ya huo muda wa unafuu.

Basi panga hivi. Kikao changu cha kwanza ni saa 2 asubuhi, jua la Tanga likiwa bado na huruma. Toka nyumbani saa 1 na nusu au kabla, zunguka upande wa Raskazone kama njia ya moja kwa moja ni fupi, fika dakika chache mapema, kunywa maji, jifute jasho, ingia. Kasi iwe ile ambayo unaweza kumjibu mtu sentensi nzima lakini kuimba huwezi. Kama unaongea na mnasihi wako kwa simu, tembea kwanza, piga ukishakaa.

Siku za katikati ya kikao na kikao ndizo ngumu. Mwaka 1999 James Blumenthal wa Duke University alichapisha utafiti wa watu 156 wenye miaka 50 na zaidi. Waliotembea kwa kasi au kukimbia polepole dakika 30, mara 3 kwa wiki, walifikia wiki ya 16 wakiwa na nafuu inayokaribiana na ya waliomeza sertraline, dawa ya sonona. Lakini wale walikuwa na wasimamizi. Wewe una kitanda kinachokuvuta, kwa hiyo anza na dakika 10: vaa viatu, nenda mpaka duka la mtaa wa pili, rudi. Usisubiri hamu ije. Kwa mwenye sonona hamu huwa inachelewa, inakukuta uko njiani.

Kabla ya kutoka, chukua daftari uandike mambo mawili: hali yako sasa hivi kati ya 0 na 10, na unavyodhani utakuwa ukirudi. Ukirudi, andika ilivyokuwa. Dada mmoja aliandika: "Sasa 2. Nikirudi 1, watu watanishangaa." Aliporudi: "4. Aliyenisimamisha ni mama muuza vitumbua tu, kaniuliza nilipotelea wapi." Kikao kizima tulikitumia kwa mistari hiyo. Nani hasa alimshangaa? Hilo wazo kwamba watu watamshangaa linamjia wapi kwingine, kazini, kwa wakwe? Daftari la hivyo linanisaidia kuliko maelezo marefu ya utotoni, ingawa najua wenzangu wengine watanibishia.

Akina mama wasiotaka kutazamwa hutembea wawili wawili baada ya Alfajiri, na baibui haimzuii mtu kutembea kwa kasi, viatu vibovu ndivyo vinavyomzuia. Ramadhani sogeza zoezi liwe karibu na futari, au baada yake chakula kikishatulia. Na nyinyi ndugu wa mgonjwa, acheni "jikaze, kafanye mazoezi". Mwambieni, "Nisindikize sokoni."

Dawa usiache kwa sababu umeanza kutembea. Anayetumia amitriptyline, nayo ni dawa ya sonona, anaweza kupata kizunguzungu akisimama ghafla na mdomo kukauka, kwa hiyo inuka taratibu na ubebe maji. Mwenye moyo au presha amuone daktari kwanza. Yakija mawazo ya kujidhuru, mambo ya viatu na daftari weka kando: mwambie mtu sasa hivi, asikuache peke yako, akupeleke hospitali.

Kila wiki mbili jaza upya maswali tisa ya PHQ-9, fomu ya kupima ukali wa sonona, yapo kwa Kiswahili, jumla yake ni 0 hadi 27. Ikifika wiki ya sita alama hazijashuka na umekuwa ukitembea kweli, usiongeze kilomita. Mpe mnasihi hiyo karatasi, mzungumze na daktari habari ya dawa.