Kuandika penzi linaloangamiza bila kumweka katili ndani yake

Rasimu yangu ya kwanza kuhusu penzi lililoharibika ilianza na kofi. Aya ya pili tu, mume kashampiga mkewe. Rafiki niliyempa aisome alinirudishia karatasi akauliza swali moja: "Sasa huyu alimpendea nini?" Sikuwa na jibu, na hadithi yenyewe haikuwa nalo. Tangu siku hiyo, kila ninapoandika hadithi fupi ya namna hii, naanzia kwenye swali lile.

Nawe anzia hapo. Kabla hujaandika sentensi yoyote, tafuta tendo moja la mapenzi ambalo wewe mwenyewe ungelipokea kwa furaha. Liwe dogo: mtu anayemfunga mwenzake vifungo vya mgongoni, au anayepiga simu kuuliza kama amefika salama. Kisha usihangaike kutafuta tendo jingine la ubaya, maana hilohilo ndilo litakaloangamiza. Kikulacho ki nguoni mwako. Riwaya ina kurasa za kutosha kumgeuza mtu mwema awe katili hatua kwa hatua. Hadithi fupi haina. Ndani ya kurasa saba au nane tendo hubaki lilelile, uzito wake ndio unaobadilika.

Nathaniel Hawthorne, mwandishi Mmarekani, alilifanya hili mwaka 1843 katika hadithi fupi "The Birth-Mark". Aylmer, mwanasayansi, anampenda mkewe Georgiana, ambaye shavuni ana alama ndogo yenye umbo la mkono. Anataka kumwondolea alama hiyo ili awe mkamilifu. Anamtengenezea dawa, Georgiana anainywa kwa hiari, alama inafifia, naye anakufa. Isome ukiwa na kalamu, upige mstari kila mahali Aylmer anapolitazama shavu lile. Utagundua kwamba mauaji yalianza machoni, zamani kabla ya dawa.

Sasa tuijaribu ile simu. Iandike mara tatu.

Ya kwanza:

"Umefika?"
Alicheka. "Hata viatu sijavua."

Ya pili:

"Umefika?"
Aliangalia saa. Jana alitumia dakika ishirini, leo ishirini na tano. "Nimefika. Kulikuwa na foleni."
Hakukuwa na foleni.

Ya tatu:

Simu haikuita. Alikaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, akisubiri iite ndipo avivue.

Hakuna tusi humo, wala aliyepaza sauti. Uongo ule mdogo wa foleni ndio moyo wa hadithi: hajakosa lolote, lakini ameshaanza kujitetea. Ukifika hapo tulia, usiharakie simu ya tatu. Mpe mhusika kazi ya mikono, aoshe kikombe, akunje nguo, na umwache msomaji abaki peke yake na ule uongo.

Nalisisitiza hili kwa sababu ninayemwandikia, akilini mwangu, ni msomaji anayeishi ndani ya nyumba ya namna hiyo. Ukimwonyesha mtu wa makofi atasema, "Wangu si hivyo," atafunga kitabu. Ukimwonyesha simu, ataendelea kusoma.

Wivu? Utumie kwa uchache. Umeandikwa mno, na msomaji akiuona tu anajua mwisho. Mzazi asiyeweza kumwachia mwanawe aondoke, au mgonjwa anayeuguzwa mpaka anasahau kusimama mwenyewe, hao wana mengi zaidi ya kukupa.

Jambo linalonichukulia muda mrefu kuliko yote ni msimulizi. Anayeangamiza akisimulia kwa nafsi ya kwanza, mwache ajiamini kabisa. "Nilimfichia ufunguo ili apumzike." Sentensi hiyo inatosha, usimkonyeze msomaji pembeni. Anayeangamizwa akisimulia, usimpe ufahamu alioupata miaka baadaye, maana ataanza kutuhubiria. Asimulie akiwa bado anapenda. Kuna pia njia ya tatu, ya watu wanaotazama kwa nje: katika hadithi fupi "A Rose for Emily" ya mwaka 1930, Mmarekani mwingine, William Faulkner, aliwapa wenyeji wa mji wasimulie kwa "sisi". Walimchungulia Emily, mwanamke mpweke wa mji huo, miaka yote, na maiti ya mpenzi wake iliyokuwa chumbani waliikuta baada ya kumzika Emily.

Rasimu ikikamilika, futa aya ya mwisho kama inaeleza kilichotokea. Kwangu mimi karibu kila mara huwa inaeleza, na naifuta. Halafu mpe mtu unayemwamini aisome, umuulize jambo moja tu: ulianza kuogopa wapi? Akikutajia simu ya tatu, rudi mezani, kazi bado. Akitaja ya pili, umekaribia. Mwombe aisome tena tangu mwanzo, na umtazame usoni afikapo pale mwanamke anapocheka.