Kabla hujamfuata mwenzako Uingereza na watoto wadogo

Mkataba wa kazi ukifika, nyumba nzima hukimbilia mabegi. Subirini kidogo. Someni kwanza ni viza ya aina gani, maana si kila kazi inaruhusu familia. Waliokwenda kutunza wazee walizuiwa kuleta mwenzi na watoto tangu tarehe 11 Machi 2024, na tangu Julai 2025 viza hiyo haitolewi tena kwa wanaoomba kutoka nje. Nesi anaruhusiwa, tena viza yake ya afya haina ile tozo ya matibabu wanayolipa wahamiaji wengi. Kwa viza ya kawaida ya kazi tozo hiyo ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, kwa kila mwaka wa viza, na hulipwa yote siku ya kuomba. Familia ya watu wanne ipige hesabu ikiwa imekaa.

Kisha vyeti. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, kikisema Mohamed na pasipoti ikasema Mohammed, rekebisheni mapema. Kipimo cha kifua kikuu cha kuombea viza kinamhusu hata mtoto, ila wa chini ya miaka 11 kwa kawaida hapigwi picha ya kifua, daktari humkagua tu. Majibu hudumu miezi 6, kwa hiyo msipime mapema mno.

Kadi ya kliniki iwe kwenye mkoba wa mkononi. Kwetu Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na 18. Uingereza dozi iliyotolewa kabla ya mwaka mmoja haihesabiwi, na chanjo yao ina matumbwitumbwi ndani. Mtoto akiambiwa achomwe tena, msishangae, wala msidhani kadi imekataliwa.

Linalosahaulika ni hili: nani atakaa na watoto? Zamu ya nesi mara nyingi ni ya saa 12, mchana au usiku. Shule inatoka kama saa tisa alasiri, na katikati ya kila muhula kuna wiki nzima ya likizo. Dada wa kazi hayupo, bibi hayupo, na jirani wa kumwambia “niangalizie mtoto nafika dukani” bado hamjajuana. Malezi ya kulipia ni ghali kiasi kwamba mshahara wa mzazi wa pili unaweza kuishia hapo. Kaeni nyie wawili, mchore ratiba ya wiki kwenye karatasi, mwandike jina la mtu kwenye kila saa. Ikibaki nafasi tupu, mzungumze sasa: pengine mmoja atangulie miezi mitatu, atafute nyumba iliyo karibu na shule. Hilo la kutangulia mimi naliunga mkono, ijapokuwa wakwe hawalipendi.

Nafasi ya shule England huombwa kwa halmashauri ya eneo, na darasa la kwanza kabisa, Reception, huanza Septemba baada ya mtoto kutimiza miaka 4. Chakula cha mchana shule za serikali ni bure hadi Year 2, yaani mwaka wa tatu ukihesabu na Reception.

Mwenye nyumba England anaweza kudai dhamana ya hadi kodi ya wiki tano, pamoja na mwezi wa kwanza, wakati mshahara wa kwanza bado haujaingia.

Makoti mazito msinunue Kariakoo. Kule maduka ya hisani yanauza ya mtumba kwa bei ndogo, na mtoto atalihitaji hasa Desemba, saa kumi jioni, giza likiwa limeshaanza kuingia na nyie bado mko njiani kutoka shule.