Kuitunza Kamera na Picha Zake Penye Unyevu na Chumvi

Kijitabu cha maelekezo kinachokuja na kamera huwa na mstari mmoja au miwili tu kuhusu unyevu, kana kwamba hilo ni jambo la nadra linalompata msafiri. Kwetu Unguja na Pemba ndilo jambo la kwanza. Hewa ina maji mwaka mzima, masika ya Machi hadi Mei huufanya unyevu uingie hata ndani ya nguo zilizokunjwa, na nyumba za mawe za Mji Mkongwe, pamoja na uzuri wake wote, hushika fukuto katika kuta na kulitoa polepole. Pemba, ambako mvua ni nyingi kuliko Unguja, hali ni nzito zaidi. Anayependa kupiga picha hapa, awe na kamera ya lenzi za kubadilisha au simu nzuri tu, ajue kwamba kifaa chake kitadumu kwa jinsi anavyokihifadhi zaidi kuliko kwa bei aliyokinunulia.

Kuvu ndani ya lenzi

Kuvu huanza kumea kwenye lenzi pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 60 hivi kwa muda mrefu, penye kiza na pasipopita upepo. Kabati la nguo lina sifa zote hizo. Mkoba wa ngozi ndio mbaya zaidi, kwa sababu ngozi yenyewe hunyonya unyevu na kuota ukungu, kisha ukungu huo ukahamia kwenye kifaa kilichomo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: mkoba utumike kwa kubebea, na ukirudi nyumbani toa kila kitu ndani yake, uuache wazi pahala penye upepo.

Ili kujua kama lenzi imeshaingia kuvu, iondoe kwenye kamera, fungua mdomo wake, yaani tundu la ndani linalopitisha mwanga, kwa kuiweka kwenye namba ndogo kabisa ya f, kisha washa tochi ya simu na uimulike kutoka upande wa nyuma huku ukiitazama kwa mbele na kuiinamisha taratibu. Vumbi utaliona kama vidoto vilivyotawanyika, wala lisikutie wasiwasi, kwani lenzi zote huwa nalo. Kuvu ina sura yake: vijinyuzi vyembamba vyeupe vinavyoanzia ukingoni mwa kioo na kutambaa kuelekea katikati, mithili ya utando wa buibui mchanga. Ikiwahiwa, fundi anaweza kuifungua lenzi na kuisafisha. Ikiachwa, tindikali inayotoka kwenye kuvu hula ule mpako mwembamba wa kioo, na hapo hata ikisafishwa hubaki alama isiyotoka. Lenzi yenye kuvu itenge na nyingine mpaka itakaposafishwa.

Kinga yake haihitaji fedha nyingi. Tafuta chombo cha plastiki kisichopitisha hewa, chenye mfuniko unaobana kwa vishikizo pande zote nne, aina ile ile inayotumika kuhifadhia unga au sukari jikoni. Weka ndani yake punje za silika, ambazo baadhi ya watu wanazijua kutokana na vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na vifaa vya umeme. Vipakiti hivyo vinavyookotwa mara nyingi vimeshajaa maji na havinyonyi tena, kwa hiyo ni bora kununua punje zinazobadilika rangi: za buluu zikijaa maji huwa za waridi, na za rangi ya chungwa huwa za kijani. Nunua pia kipima unyevu kidogo cha betri, ukiweke ndani ya chombo pahala unapoweza kukisoma bila kufungua. Namba unayoitaka ni baina ya 40 na 50. Ikipanda juu ya 60, punje zimechoka. Ikishuka chini ya 30, zipunguze, maana ukavu uliopindukia nao huharibu mafuta na mipira iliyomo ndani ya lenzi.

Punje zilizochoka hazitupwi. Zitandaze kwenye sinia la bati na uziweke katika oveni yenye joto la nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, mpaka rangi yake irudi. Asiye na oveni anaweza kuzikausha kwenye kikaango juu ya moto mdogo sana wa mkaa huku akizigeuza bila kuchoka, kwa sababu moto mkali huzipasua. Hapa naomba msomaji awe makini: punje za buluu zina chumvi ya kobalti, ambayo ni sumu, kwa hiyo kikaango hicho kisirudi tena kwenye chakula, na watoto wasizichezee. Mwenye hiari ya kuchagua achukue za rangi ya chungwa.

Wapo wanaoshauri kutumia mchele badala ya silika. Sikubaliani nao. Mchele hunyonya maji kidogo mno na kwa polepole, na vumbi lake la wanga huingia kwenye vitundu vya chaja na kwenye pete za lenzi, likikutana na unyevu likawa gundi. Vilevile wapo wanaoanika lenzi juani. Ni kweli kwamba mwanga wa jua huizuia kuvu, lakini lenzi hukusanya miale pahala pamoja, na lenzi iliyoachwa ikilielekea jua inaweza kuunguza sehemu za ndani ya kamera au kitu kilicho nyuma yake. Njia salama zaidi ni kuitumia. Kamera inayotoka nje kila wiki, ikapata mwanga na hewa, haipati kuvu kwa urahisi kama ile inayosubiri harusi na sikukuu.

Baridi ya kiyoyozi

Hili ni fupi, ila linawasumbua wengi. Katika miezi ya kaskazi, hewa ya nje huwa na mvuke mwingi kiasi kwamba kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 24 hivi hutokwa na jasho pindi kinapotolewa nje. Ukitoka ofisini au ndani ya gari lenye kiyoyozi, kioo cha mbele hupata ukungu mara moja, na hilo unaliona. Usiloliona ni kwamba ukifungua lenzi wakati huo, umande huohuo hutua juu ya kihisi cha picha. Kabla ya kutoka, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki, utoke nayo hivyo, na usiufungue mfuko kwa muda wa dakika 20 au 30 mpaka kamera ipate joto la nje. Umande utatua juu ya plastiki.

Pwani, mchanga na maji ya bahari

Chumvi ina tabia inayopaswa kufahamika. Hewa inapofikia unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi iliyokauka huanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka upya. Usiku katika visiwa vyetu kiwango hicho hupitwa mara kwa mara. Ndiyo maana kamera iliyorushiwa maji ya bahari, ikapanguswa na kuonekana kavu mchana, asubuhi huwa inanata mkononi, na skrubu zake ndogo zikaanza kutu baada ya siku chache. Kuikausha peke yake hakutoshi. Chumvi lazima iondolewe.

Chukua mfano wa kupiga picha za akina mama wanaolima mwani Paje au Jambiani, kazi ambayo kwa kawaida hufanyika maji yanapokupwa, hasa wakati wa bamvua. Ukishapata ridhaa yao, utaingia majini mpaka magotini, kamera iko shingoni, na kila fungu la mwani linaponyanyuliwa hurusha matone. Fupisha mkanda wa kamera ili ikae kifuani na isining'inie kiunoni unapoinama. Funga kichujio cha kioo mbele ya lenzi, kwa kuwa kukinunua upya ni rahisi kuliko kununua lenzi. Chagua lenzi moja ukiwa bado nyumbani na usiibadilishe ufukweni, hasa miezi ya kusi, upepo unapovuma kwa nguvu na kubeba chembe za mchanga ambazo huzioni mpaka utakapozisikia zikisaga ndani ya pete ya kuzungushia. Ukizisikia, acha kuizungusha, igeuze lenzi uso chini na uipulizie kwa pampu ya mpira mpaka zitoke.

Ukirudi nyumbani, kazi ifanywe siku hiyo hiyo na kwa utaratibu wake. Kwanza puliza kwa pampu, usipulize kwa mdomo, maana mate huruka. Pili, chovya kitambaa laini katika maji safi ya bomba, kikamue mpaka kisitoe hata tone, kisha pangusa mwili wote wa kamera, ukipita chini ya vitufe na kuzunguka mahali mkanda unapofungwa. Rudia kwa sehemu safi ya kitambaa, halafu malizia kwa kitambaa kikavu. Kioo cha lenzi kiwe cha mwisho. Tia tone la dawa ya kusafishia lenzi juu ya kitambaa chake maalumu, usilitie juu ya kioo chenyewe, kwani hutelemka ukingoni na kuingia ndani. Futa kwa kuzunguka kutoka katikati. Kanga na fulana, hata zikiwa laini namna gani, zina chembe za vumbi na mabaki ya sabuni, na ukizipitisha juu ya kioo chenye chumvi kavu utakuwa unakikwaruza.

Kamera ikitumbukia baharini, izime kama bado inawaka, toa betri papo hapo, na usijaribu kuiwasha ili kuona kama ni nzima, kwa sababu ni umeme ukikutana na maji ya chumvi ndio unaomaliza kila kitu. Ipeleke kwa fundi mapema iwezekanavyo. Kadi ya picha mara nyingi husalimika: isuuze kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, iache ikauke kabisa, kisha uisome.

Wenye simu zenye alama ya IP68, ile ya kustahimili vumbi na maji, nao wasijiachie. Alama hiyo inatokana na majaribio yaliyofanywa kwa maji baridi yaliyotulia, kwa kina na muda alioutaja mtengenezaji, na mipira inayozuia maji huchakaa kadiri simu inavyozeeka. Simu iliyoingia baharini isuuzwe kwa maji baridi, na isichomekwe chaja mpaka tundu lake likauke kabisa.

Betri

Betri za lithiamu huchakaa haraka kwa joto, hivyo usiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Usiyoitumia kwa muda mrefu iache ikiwa na chaji nusu hivi. Betri iliyovimba, hata kidogo, haifai tena kuchajiwa. Waliokuwapo Unguja baina ya Disemba 2009 na Machi 2010, ilipotokea hitilafu ya njia ya umeme inayotoka Tanzania Bara kupitia chini ya bahari na kisiwa kikakaa miezi mitatu hivi bila umeme huo, hawahitaji kuambiwa umuhimu wa betri ya akiba. Kwa kila siku, kifaa cha kulinda umeme unaopanda na kushuka kinatosha kuiokoa chaja na kompyuta.

Picha zenyewe

Kamera hununuliwa nyingine, lakini picha ya babu aliyekwishatangulia mbele ya haki haipigwi tena. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar, na picha zilizopigwa zamani hizo zinatazamwa hadi leo kwa sababu zilikuwa karatasi na filamu ambazo mtu alizihifadhi. Faili halina ustahimilivu wa namna hiyo. Kadi ikifa, vinakufa vyote vilivyomo kwa mara moja.

Kanuni inayofuatwa na wapiga picha wengi ni kuwa na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe nyumba nyingine. Kwa mtu wa kawaida hapa kwetu, nakala ya kwanza itakuwa kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, na ya tatu ama kwenye hifadhi ya mtandaoni ama kwenye diski nyingine iliyoko kwa ndugu. Binafsi naipendelea diski iliyoko kwa ndugu, tena ikiwezekana kisiwa kingine. Picha moja ya kamera ya kisasa isiyobanwa inaweza kufika megabaiti 25 au zaidi, na kupandisha picha za harusi moja mtandaoni humaliza bando. Nafasi ya bure ya Google nayo ni gigabaiti 15, na tangu Juni 2021 picha zote mpya zinazopandishwa huhesabiwa humo. Mtandao uutumie kwa zile chache zilizo bora. Diski hizo nazo zikae ndani ya chombo kile kile chenye silika.

Usihesabu kwamba picha uliyoituma kwenye kundi la WhatsApp ni nakala. Programu hiyo huipunguza ukubwa, na ukiichapisha kubwa utaona imechakaa. Ikiwa ni lazima kuituma, itume kama waraka ili ibaki kama ilivyo.

Ununuzi wa kadi nao una mtego wake. Zinauzwa kadi zilizoandikwa ukubwa ambao hazina. Hukubali picha bila kulalamika, kisha zile zilizozidi nafasi halisi hazifunguki. Kadi mpya ijaze mafaili mpaka mwisho, uyarudishe kwenye kompyuta, na uyafungue kabla ya kuiamini. Baada ya hapo ifute kwa kuifomati ndani ya kamera yenyewe, na usiichomoe wakati taa ya kuandikia bado inamulika.

Majina ya mafolda yaanze na mwaka, mwezi na siku, kisha mahali, mfano 2024-07-15 Makunduchi, ili yajipange yenyewe. Hakikisha saa ya kamera iko sawa, kwa sababu tarehe iliyoandikwa ndani ya picha hutoka humo. Na mara moja kwa mwaka, kabla masika hayajaingia, ichukue ile diski ya nyumba nyingine, uichomeke kwenye kompyuta isiyo yako, ufungue folda kadhaa za miaka tofauti na kuzikuza picha mpaka ukubwa wake kamili. Ikiwa moja inagoma kufunguka au ina mistari ya kijivu, chukua nakala yake kutoka diski ya pili siku hiyo hiyo, na anza kutafuta diski mpya.