Somo: Kuiunganisha eria ya mbali na eria 0 kwa kiungo pepe cha OSPF

Wakuu, swali la jinsi ya kuunganisha eria isiyogusa eria 0 linarudi kila mara kwa mafundi wa Mwanza, sasa nalijibu hapa mara moja kwa wote. OSPF ni itifaki ambayo ruta hutumia kupeana njia za mtandao. Eria ni kundi la mtandao ndani yake, na eria 0 ndiyo uti wa mgongo. Kiungo pepe (virtual link) ni kiungo cha eria 0 kinachopita ndani ya eria nyingine.

Chukulia eria 0 iko mjini. Ng'ambo ya maji, Sengerema ni eria 1. Geita mmeipa eria 2, na njia ya kufika huko inapita Sengerema. OSPF inataka kila eria iguse eria 0. Geita haigusi, ndiyo maana njia zake hazionekani mjini ingawa majirani wote (ruta zilizoungana) wanasoma FULL, yaani wamemaliza kupeana taarifa. R1 ya mjini ina eria 0 na 1. R2 ya Sengerema ina eria 1 na 2. Amri ni za Cisco.

1. R1 na R2 zifikiane kupitia eria 1 kwanza.

2. Eria 1 isiwe stabu wala NSSA (aina za eria zinazozuia njia za nje zinazotoka eria nyingine). Kiungo pepe hakipiti humo.

3. Andika kitambulisho cha ruta kwa mkono. Kiungo pepe hakielekezwi kwenye IP ya intafesi, kinaelekezwa kwenye kitambulisho cha ruta ya upande wa pili. Usipokiandika, ruta inachukua IP kubwa kuliko zote za lupubeki (intafesi ya ndani ya ruta, isiyo na waya). Kama hakuna lupubeki, IP kubwa ya intafesi iliyo hewani. Siku mtu akiongeza lupubeki halafu umeme ukatike, ruta inaamka na kitambulisho kingine na Geita yote inapotea. Mtapanda mnara bure.

Kwenye R2 (R1 ipewe 1.1.1.1):

router ospf 1
 router-id 2.2.2.2

Kisha clear ip ospf process, la sivyo kitambulisho kipya hakiingii. ANGALIZO: amri hiyo inaangusha majirani wote. Fanya usiku, na mteja awe na taarifa.

4. Kwenye R1: area 1 virtual-link 2.2.2.2
Kwenye R2: area 1 virtual-link 1.1.1.1
Namba ni ya eria inayopitiwa. Si 0, si 2.

5. show ip ospf virtual-links. Usiridhike na "up", tafuta FULL.

MASWALI

– Mkuu nimefuata yote, haiwaki. Msaada wa haraka.
Hujaweka matokeo ya amri hata moja. Bandika ya hatua ya 5.

– Nimeandika area 2 virtual-link...
Soma hatua ya 4.

– Samahani kaka, eria 0 yetu inalindwa kwa MD5 (ruta zinathibitishana kwa ufunguo wa siri). R2 haina intafesi yoyote ya eria 0, nayo inahitaji ufunguo?
Inahitaji, dada, na umeuliza jambo ambalo wengi wanalipita. Kiungo pepe ni mali ya eria 0, hivyo R2 imeshaingia humo. Weka area 0 authentication message-digest kwenye R2, na ufunguo uuweke kwenye mstari wa virtual-link pande zote mbili. Jihadhari na hili pia: kwenye Cisco, helo za kiungo pepe (salamu ambazo ruta hutumiana kujua kama jirani yu hai) zinanyamaza kikishafika FULL. Ukibadilisha ufunguo leo, kosa linaweza kujificha mpaka ruta iwashwe upya. Anzisha upya mchakato mwenyewe ungali hapo, uhakikishe.

– Kwa nini tusitumie taneli ya GRE (inayofunga pakiti ndani ya pakiti nyingine)?
Eria 1 ikiwa ni stabu, taneli ndiyo itakayokuokoa. Ila inaongeza baiti 24 kwa kila pakiti, kwa hiyo angalia MTU (ukubwa wa juu wa pakiti). Kiungo pepe kinabeba mazungumzo ya OSPF tu. Data ya wateja inapita njia yake ya kawaida. Na kama mnaweza kuifanya Sengerema yenyewe kuwa eria 0, fanyeni hivyo, kiungo pepe hamtakihitaji kabisa.

– Nje ya mada kidogo: redio yetu ya kuvuka ziwa inayumba, OSPF inaanguka nayo.
Maji yanaakisi mawimbi, na yale yaliyoakisiwa yanafika yakigongana na yaliyokuja moja kwa moja. Usikimbilie kupandisha antena. Jaribu kuishusha au kuirudisha nyuma, ili ukingo wa nchi kavu uzibe mwakisiko lakini njia ya moja kwa moja ibaki wazi. Redio ikiwa na nafasi ya antena ya pili, ifunge kwa kimo tofauti. Na helo ya sekunde 10 na subira ya 40 (muda wa kungoja kabla jirani hajahesabiwa amekufa) ziache zilivyo. Ukizipunguza kwenye redio ya namna hiyo, kila mtikisiko mdogo utaangusha jirani.