GCC ikikatika ovyo, shuku RAM

Unakompaili kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, katikati ya kazi GCC, yaani kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, inakatika na kuandika `internal compiler error: Segmentation fault`. Usikimbilie kusakinisha mfumo upya.

Hatua ya 1. Andika `make` (amri inayoendesha kazi ya kukompaili) tena bila kubadilisha chochote. Ikikatika kila mara kwenye faili lilelile, mstari uleule, huenda kosa ni la kompaila yenyewe. Ikivuka pale na kuangukia faili lingine mbele, shuku vifaa. Programu yenye kosa ikipewa kazi ileile hukosea vilevile. RAM mbovu hukosea popote. GCC nyingine hurudia zenyewe na kukuambia `The bug is not reproducible, so it is likely a hardware or OS problem`. Ujumbe huo uchukulie kwa uzito.

Kwa nini kompaila ndiyo ianguke? Kwa sababu hujaza kumbukumbu kwa anwani zinazoelekezana. Biti moja ikigeuka ndani ya anwani, programu inakwenda kusoma mahali pasiporuhusiwa, na kerneli inaikatiza. Biti hiyohiyo ikigeuka kwenye picha, pengine nukta moja tu itabadilika rangi, wala hutaiona.

Hatua ya 2. Soma `dmesg`, yaani kumbukumbu za ujumbe wa kerneli. Ukikuta `Out of memory: Killed process`, RAM yako haitoshi, si mbovu. Punguza `make -j8` (kazi nane kwa mpigo) iwe `-j2`.

Hatua ya 3. Washa mashine kwa flashi yenye Memtest86+, programu ya kupima RAM, na uiache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha. Usiseme "ni moja tu".

Hatua ya 4. Kuna makosa? Zima XMP (mpangilio unaoendesha RAM kwa kasi zaidi) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, pima tena. Yakibaki, chomoa umeme, toa vipande vyote vya RAM, kisha pima kimoja kimoja kwenye sloti ileile. Kinachokosea kihamishie sloti nyingine: kosa likikifuata, kipande ndicho kibovu, likibaki kwenye sloti, tatizo liko kwenye ubao mama. Kabla hujanunua kingine, sugua meno yake (sehemu zinazogusa sloti) taratibu kwa raba ya penseli, pangusa vumbi, rudisha mpaka vibanio vilie "ta". Nimeshaokoa vipande kadhaa hivyo.

Memtest ikiwa safi na GCC bado inakatika, angalia joto la prosesa na pawasaplai.

Hatua ya 5. Ukishabadilisha RAM, endesha `make clean` kufuta vilivyokompailiwa, kisha `git fsck` kukagua kama msimbo uliohifadhiwa kwenye Git umeharibika. Biti zilizogeuka huenda zilishaandikwa kwenye diski kimyakimya.