Gari limerudi kutoka mbugani limejaa vumbi: jinsi ya kuliosha kwa ndoo moja, bila kusuuza

Julai, saa kumi jioni, Land Cruiser inaingia uani kwetu Njiro, Arusha, baada ya siku sita Serengeti. Rangi yake huwezi kuitaja. Kwenye mlango wa nyuma mtu ameandika kwa kidole NIOSHE, na amechora na uso wa kucheka. Dereva anashuka, anajipangusa shati, anauliza: "Kaka, kesho saa kumi na mbili asubuhi napokea wageni uwanja wa ndege wa KIA, na naona hapa maji yamekatika. Inakuwaje?"

Inawezekana. Ila yule aliyeandika NIOSHE ndiye mtu wa kwanza kulikwaruza gari hilo. Ukishalisafisha, simama pembeni jua likiwa chini: herufi zake bado zipo. Kidole kimoja kikavu kikifanya hivyo, fikiria mkono mzima wenye kitambaa. Kwa hiyo katika mwongozo huu nusu ya kazi tutaifanya kabla taulo haijagusa bodi.

Vumbi lenyewe nalo si la mtaani. Lami inaishia lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro. Juu ukingoni mwa kreta udongo ni mwekundu, ukiteremka kuelekea Oldupai na Naabi unageuka kijivu, mahali pengine mweupe kama unga wa muhogo. Tambarare zile zimefunikwa na majivu ya volkano za nyanda za Ngorongoro, Oldoinyo Lengai ikiwemo, na majivu ya volkano ni vipande vidogo vya kioo na madini vyenye kona kali. Karibu na Oldupai kuna ule mchanga mweusi unaohama ambao madereva huwaonyesha wageni jinsi unavyovutwa na sumaku. Ndicho unachotaka kusugulia boneti? Klia ya kiwandani, ule utando angavu unaokaa juu ya rangi, kwa kawaida ni maikromita 40 hadi 50, nyembamba kuliko unywele.

Dawa ya kuosha bila kusuuza siyo shampuu ya gari. Povu lake ni dogo. Kazi yake ni kuizunguka chembe ya uchafu, kuifanya iteleze, na kuishikilia hadi taulo iinyonye. Kinachobaki kwenye rangi ni utando mwembamba usioacha alama, ndiyo maana husuuzi. Mimi natumia ONR ya Optimum, ya Marekani. Zipo nyingine, na kila moja soma kipimo kwenye chupa yake. Shampuu ya kawaida au sabuni ya unga usiithubutu kwa njia hii, itakukaukia juu ya rangi na utahitaji maji mengi kuliko uliyoyakwepa.

Kwanza, amua kama gari linafaa

Pita chini ya milango na nyuma ya matairi kwa ukucha. Ukikuta vumbi linalopeperuka au utando mwembamba, endelea. Ukikuta gamba la tope linalobanduka vipande, njia hii peke yake haitoshi. Machi hadi Mei magari mengi yanarudi hivyo, na yakipitia Ukanda wa Magharibi wa Serengeti, ule udongo mweusi unanata kama lami na ukikauka unakuwa tofali. Hapo nasema wazi kwa mwenye gari: tumbo, madigadi na nusu ya chini vinapigwa maji ya presha kwanza, kisha bodi namalizia kwa ndoo. Mteja akikataa, simwoshei. Nimepoteza wateja wawili watatu kwa msimamo huo, na bado naona ni nafuu kuliko kumlipia mtu rangi.

Nilijifunza kwa aibu. Siku za mwanzo niliosha Prado nyeusi iliyotoka Ziwa Natron, nikaifuata njia hii kama nilivyoifanya kwenye magari ya mjini, yale yenye vumbi la siku mbili. Uvulini iling'aa. Mwenyewe alipoitoa juani akaniita, akaninyooshea kidole boneti bila kusema neno. Mizunguko kama utando wa buibui, kutoka taa hadi taa. Siku mbili za kuipolishi, bure.

Vifaa

Ndoo ya lita 20, safi, uitie lita 10 za maji. Dawa mililita 40 kwa lita hizo 10 (ndicho kipimo cha ONR, moja kwa 256). Usikadirie kwa kifuniko. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, halizidi bei ya soda. Kuzidisha dawa hakuongezi usafi, kunaacha ukungu kwenye vioo.

Bomba la kupulizia la mkono la lita 2, na la mgongoni la lita 16 kama unalo. Liwe jipya. Lililowahi kubeba dawa ya nyanya lirudishe shambani. Katika lile dogo weka mchanganyiko mkali zaidi, mililita 30 kwa lita 2. Huo ndio wa kulowekea.

Taulo 12 za maikrofaiba, sentimita 40 kwa 40, zenye manyoya ya kutosha. Dodoki na sponji viache nyumbani: sponji inaibana chembe usoni pake na kuiburuta hadi mwisho wa mlango. Kwa rimu tenga taulo kuukuu za rangi nyingine, zisikutane na hizi hata kwenye kufua.

Upepo

Hatua hii sijaiona kwenye maelekezo ya wazungu, labda kwa sababu wao hawana vumbi letu. Kama jirani yako ni fundi pancha, mwombe mpira wa kompresa. Vaa barakoa, lipeleke gari mbali na nguo za watu, kisha anza na paa la kuinua: lifungue, puliza mipira yake yote, lifunge. Endelea kwenye maungio ya milango, bawaba, vishikio, grili, kando ya taa, kile chuma cha kubebea tairi la akiba. Mdomo wa bomba uuweke umbali wa mkono, upepo uende pembeni usielekee moja kwa moja kwenye bodi, la sivyo unairushia rangi mchanga. Kwenye snokeli, lile bomba la kuvutia hewa ya injini, usipulize kabisa.

Vumbi kavu ukilitoa kwa upepo halitakuwa tope dakika kumi baadaye. Sehemu za maungio ndizo zinazowaumbua waosha magari wengi: bodi imeng'aa, dereva anafungua mlango, uji mwekundu unateremka juu ya kazi yako.

Kuloweka, na kuloweka tena

Gari liwe kivulini na boneti imepoa. Iguse kwa mgongo wa kiganja. Ikikuunguza, kunywa chai kwanza.

Pulizia kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu chini ndiko kuchafu na kunahitaji muda mrefu zaidi. Lowesha hadi matone yaanze kuteremka yenyewe yakibeba udongo. Subiri dakika tatu hadi tano. Sehemu ikianza kukauka, ipulizie upya. Uchafu uliolowa ukakauka unashika kuliko mwanzo. Kisha piga duru ya pili, mara hii kutoka juu kwenda chini, ukiusukuma uchafu uondoke kwa maji tu. Kama una bomba la mgongoni, nusu ya chini ya gari itilie lita nane au kumi za maji matupu hapa, na utaona michirizi ya kahawia ikijaa sakafuni. Hiyo michirizi ingekuwa kwenye taulo yako.

Utajuaje inatosha? Angalia mlango kwa pembeni. Ukiona rangi yake na utando hafifu tu, sogea. Ukiona bado chembe zimekaa kama sukari, rudia. Gari chafu sana nalipulizia duru tatu, na sioni haya.

Wadudu waliokaukia kwenye bampa na kioo cha mbele, wafunike na taulo iliyolowa kwa dakika tano, watalainika. Mafuta ya dizeli pale pa kujazia yasafishe peke yake na taulo ya kutupa. Madoa ya lami yaache mwisho. Wengine hutumia mafuta ya taa, na kweli yanatoa, ila yanaharibu mipira, basi yaguse doa tu na uoshe hapohapo.

Taulo

Zitie taulo zote ndani ya ndoo, isipokuwa za kukaushia. Kuanzia hapa sheria ni moja: taulo ikishatoka kwenye ndoo hairudi. Maji yanabaki safi hadi mwisho, na ndiyo maana ndoo moja inatosha.

Toa moja, ikamue kidogo tu, iendelee kuchuruzika. Ikunje mara mbili, utapata nyuso nane. Weka uso wa kwanza juu ya bodi na uivute kwa mstari mnyoofu, kwa uzito wake yenyewe, vidole visibonyeze. Mvuto mmoja, mwisho wa paneli, geuza uso. Usirudi nyuma, usizungushe. Ukihisi mkwaruzo au kusikia sauti kama karatasi ya msasa, simama, nyanyua, pulizia tena. Nyuso nane zikiisha, taulo inakwenda kwenye beseni la uchafu hata kama inaonekana bado nzuri.

Mpangilio wangu: paa, vioo, boneti, nusu ya juu ya milango, bampa ya mbele, nusu ya chini, na nyuma mwisho kabisa. Magari haya ni kama sanduku. Likitembea, upepo unajizungusha nyuma yake na kuvuta vumbi lote kwenye ule mlango. Kwa mlango huo peke yake natenga taulo tatu. Stika za kampuni zifuate kwa upole pembezoni, zikishaanza kuinuka haziombi radhi.

Jambo moja la kutokushtua: baadhi ya Land Cruiser nyeupe, hasa za zamani, rangi yake haina klia juu. Taulo ikitoka na weupe kama chokaa, unaona rangi iliyochakaa. Punguza mkono, endelea.

Kukausha

Kabla paneli haijajikausha, ifuate na taulo kavu, kwa kuilaza na kuivuta polepole. Usiiache ikauke yenyewe: maji ya visima vya Arusha yana madini mengi na yanaacha madoa meupe. Ukiona ukungu kwenye kioo, pulizia kidogo, futa tena.

Rimu na matairi fanya sasa, na taulo zile kuukuu, kwa maji yaliyobaki.

Baada ya gari kuondoka

Taulo chafu zisuuze zenyewe kwanza hadi mchanga uishe chini ya beseni, ndipo uzifue kwa sabuni ya maji. Dawa ya kulainisha nguo hapana, inaziba nyuzi. Zisichanganywe na pamba, zitarudi na manyoya. Zianike kivulini, ndani, si juu ya uzio ambako kila pikipiki inayopita inazirudishia mlichokitoa. Iliyoanguka chini hata mara moja inashushwa cheo: kuanzia leo ni ya rimu.

Kuhusu maji, jipimie mwenyewe. Weka ndoo ya lita 20 chini ya mpira wako uone inajaa kwa muda gani. Wangu unachukua dakika moja na nusu, maana yake dakika 20 za kuuacha wazi ni zaidi ya lita 260. Gari la yule dereva lilimalizika kwa lita 10 za ndoo, 6 za kulowekea na 10 za bomba la mgongoni, na saa mbili na robo za kazi yangu na kijana mmoja. Muda huo uweke kwenye bei, usione aibu kuutaja. Tulipomaliza niliinama pembeni ya mlango wa nyuma na tochi ya simu. NIOSHE ilikuwa inasomeka bado, hafifu, na ule uso unacheka. Nilimwonyesha dereva kabla hajalipa.