Vaselini kabla ya barafu kavu

Ukitaka kujaribu kupoza prosesa ya kompyuta kwa barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa), usikimbilie dawa ghali za kuzuia unyevu. Kopo la vaselini ya dukani, isiyo na manukato, latosha. Paka bodi kuu ya kompyuta kuzunguka soketi, yaani tundu la prosesa, ukisukumia kwa mswaki laini mpaka kusibaki kijinafasi cha hewa, ndipo ufunge juu ya prosesa kikombe cha shaba cha kutilia barafu. Barafu hiyo ina nyuzi -78 za Selsiasi hivi, na hewa yetu ya Kampala na Entebbe, kando ya ziwa, imejaa unyevu: hewa ikifika kwenye bodi, umande hutokea na shoti hufuata. Kwa mashine ya kila siku haifai. Bodi ikipata joto vaselini huyeyuka na kutiririka, na kuisafisha ni balaa. Madirisha yawe wazi, maana gesi ya barafu hiyo hukaba pumzi.